Mnyama Aliyetajwa Kuwa Udhiya Kisha Akawa na Ila

 

Enyi ndugu zetu, kila ukaribiapo mwezi wa Mfunguo Tatu, Waislamu wenzetu walioko Nyeri, Karatina na Nanyuki hununua mbuzi mapema, kabla bei haijapanda. Mnyama hukaa uani siku nyingi katika baridi ya Mlima Kenya. Pengine huteguka mguu, pengine huugua na kukonda. Hapo huja swali: Je, yafaa kumuuza kwa muuza nyama, akanunuliwa mwingine?

Jawabu katika madhehebu yetu ya Shafi yataka kupambanua. Aliyenunua kwa nia tu, pasi na kutamka, mnyama angali mali yake. Ama aliyetamka, "Huyu nimemjaalia udhiya," amekwisha kumtoa mikononi mwake. Hana ruhusa kumuuza wala kumbadili, hata kwa aliye bora. Akipata ila baadaye bila ya uzembe wa mwenyewe, atamchinja siku yake, na itamtosha. Akifa bila ya uzembe, hadaiwi kitu. Akizembea, ni juu yake kulipa.

Na lau alimtaja naye tayari ni chongo, kiguru, mgonjwa au amekonda mno, nazo ndizo ila nne zilizomo katika hadithi ya Al-Baraa bin Azib, basi hahesabiwi udhiya. Na juu ya hayo ni lazima amchinje na kuwagawia masikini nyama yote, asionje yeye wala ahli zake. Kutofaa kwake hakumrudishi sokoni.

Wala si sisi peke yetu. Katika Taurati, Walawi mlango wa 27, mwenye kumbadili mnyama wa sadaka, wote wawili huwa watakatifu. Na wanazuoni wa Mayahudi wana kitabu kizima juu ya jambo hili, kiitwacho Temura. Je, wao wajue uzito wa neno, nasi tulifanye jepesi?

Mwenyezi Mungu ametufunza katika Suratul-Hajj kwamba hahitaji nyama wala damu, bali ataka ucha-Mungu wetu. Na ucha-Mungu huanza ulimini. Basi tutazame kwanza macho, miguu na umri: mbuzi atimize miaka miwili, na kondoo mmoja. Kisha ndipo tutamke. Na tukishatamka, tusirudi nyuma kwa ajili ya shilingi chache.