Nani Anayekula Mali ya Nchi?



Kila tunapofundishana amri ya saba, ile inayotukataza kuiba, huulizwa swali lile lile: "Mwalimu, nchi yetu ina shaba, ina dhahabu, ina mito na ardhi njema. Mbona sisi tu maskini?" Na mwingine hujibu upesi: "Wakubwa wamekula." Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Yatupasa kulitazama vema, maana lawahusu wakubwa, tena latuhusu na sisi.

Tuanze hapa kwetu Nyangwe. Zamani soko letu lilikuwa na sifa kando ya Lualaba. Livingstone, aliyefika hapa mwaka 1871, aliona watu zaidi ya elfu moja wakikusanyika, wengi wao wanawake, wengine wakivuka mto kwa mitumbwi, wenye samaki, mihogo, mawese na vyungu. Aliandika pia jambo la kutafakari: hata vijiji vilipokuwa vikipigana, wanawake waendao sokoni hawakuguswa na mtu. Basi utajiri wa soko lile ulitoka wapi? Ulitoka katika kuaminiana. Kila mama alijua kwamba kikapu chake kitafika, naye atarudi kwake salama.

Halafu, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanya biashara wenye bunduki waliwapiga risasi wale waliokuwa sokoni. Wengine walikufa papo hapo, wengine walizama mtoni. Waarabu wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Siku ile mto haukukauka, na mihogo ilikuwa ingali mashambani. Lakini mwenye nguvu alipoigeuza nguvu yake juu ya wanyonge, nani angethubutu tena kuleta kikapu chake kwa moyo mtulivu?

Ndugu zangu, yaliyo kweli kwa soko ni kweli kwa taifa zima. Kazi ya serikali ni kulinda, ili mtu alime, auze na kuweka akiba bila hofu. Mlinzi akigeuka mwizi, mali ya ardhini haifai kitu.

Tuliyaona hayo katika miaka ya Zaire. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilitoa fedha mpya, na zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa kwamba mashamba na maduka ya wageni yatapewa wananchi. Neno lilikuwa tamu, lakini wengi waliopewa walikuwa wakubwa na rafiki zao. Wengi waliuza bidhaa walizozikuta, wasilete nyingine, na maduka yakabaki matupu. Mwaka 1978 Mjerumani mmoja, Erwin Blumenthal, aliwekwa katika Benki ya Zaire ili asimamie hesabu. Hakudumu, aliondoka mwaka uliofuata, na mwaka 1982 aliandika kwamba kwa rushwa ile, waliokopesha Zaire wasitazamie kulipwa. Kule Katanga, shaba ya shirika la taifa, Gécamines, ilikuwa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 haikufika tani 50,000. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, tena kulikuwa na fujo. Lakini fedha ya kutengeneza mitambo ilikuwa imechotwa kwa miaka mingi. Hazina ilipokauka, serikali ilichapa makaratasi. Mwaka 1993 zaire mpya moja ikachukua mahali pa zaire za zamani milioni tatu.

Fikirini habari ya mzee aliyeuza pamba yake na kuficha fedha sandukuni kwa ajili ya uzee. Hakuna mwizi aliyevunja mlango wake. Hata hivyo aliibiwa yote.

Kisha ubaya ulishuka ngazi kwa ngazi. Mshahara wa karani na wa askari ulipokuwa si kitu, nao walianza kuishi kwa matabishi. Mkulima wa Kasongo apakiaye mchele juu ya baiskeli hukuta kizuizi njiani, analipa. Mbele hukuta kingine, analipa tena. Akifika, faida imekwisha. Mwaka ujao hulima chakula cha nyumbani tu. Hakuna sheria iliyomkataza kulima. Matabishi ndiyo yaliyomkataza. Basi mji unakosa mchele, na mtoto wake anakosa daftari.

Sasa mtauliza: "Je, anayetoa matabishi anatenda dhambi?" Tupambanue. Yule anayenyang'anywa njiani, akitoa ili apewe haki yake mwenyewe, ameonewa. Kosa ni la anayemdai. Lakini yule anayetoa ili apate kisicho haki yake, yaani shamba la jirani, hukumu ya uongo, au nafasi ya mwingine, huyo ni mwizi pamoja na anayepokea.

"Na mtumishi asiyelipwa je?" Njaa yapunguza lawama, wala haigeuzi wizi kuwa haki. Anayezuia mshahara wake ana deni kubwa zaidi mbele ya Mungu. Yohane Mbatizaji aliwaambia askari wasimdhulumu mtu. Hakuwauliza kwanza mshahara wao ni kiasi gani.

Nami nasema haya si kama mtu asiye na kosa. Mwaka mmoja mshahara ulichelewa sana, na mzazi mmoja akaniletea jogoo jioni, nimkumbuke mtoto wake katika alama. Nilimpokea. Nilijiambia, "Mbona mimi nisilipwe?" Nikamwongezea yule mtoto alama, akampita binti wa mjane. Asubuhi binti yule aliniamkia kwa adabu kama desturi, nami nikashindwa kumtazama. Nikasahihisha alama, nikanunua jogoo mwingine nikamrudishia mzazi, maana yule wa kwanza alikuwa amekwisha kuliwa.

Hapo nikafahamu jambo hili: matabishi hupatanisha watu wawili kwa kumwibia wa tatu asiyekuwapo. Mimi na yule mzazi tulifurahi; aliyepoteza alikuwa amelala kwa mama yake, hana habari. Ndivyo mali ya nchi inavyoliwa, tangu juu hata chini. Anayechota hazina haoni uso wa mama anayejifungua pasipo dawa, wala wa mzee mwenye sanduku la karatasi.

Pengine mtu atasema, "Mimi peke yangu nikiwa mnyofu, nchi itapona?" Haitapona kwa mmoja. Lakini kumbukeni amani ya soko letu la kale: ilikuwapo kwa kuwa wengi, kila mmoja kwa sehemu yake, walizuia mikono yao. Wakubwa tuwadai hesabu bila woga, maana mali wanayoishika ni yetu sote. Na sisi, kabla ya kutoa au kupokea, tujiulize: ni nani asiyekuwapo hapa, ambaye kitu hiki ni chake? Na tukikwisha kukichukua, tusitosheke kwa kujuta tu, tumrudishie.