Maji kwa Waliogusa Mauti

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Hesabu 9:6–13, Hesabu 19:11–22, 1 Wafalme 19:1–8, Luka 7:11–15, Luka 13:4, 5, Waebrania 9:13, 14.

Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, katika Ziwa Victoria. Wavuvi na wenyeji waliingia majini pamoja na vikosi vya uokoaji. Giza lilipoingia, kazi ilisimamishwa mpaka asubuhi. Siku ya Sabato, tarehe 22, fundi mitambo mmoja aliyekuwa amejifungia kwenye chumba kilichobaki na hewa alitolewa akiwa hai. Waliokufa walikuwa zaidi ya 200.

Habari ya yule mmoja husimuliwa kwa furaha, na ni haki. Lakini mikono iliyompokea ilikuwa imepokea wengine wengi kabla yake, nao hawakupumua. Mwokoaji anarudi nyumbani na hesabu zote mbili. Sisi humwuliza habari za ile ya kwanza tu.

Swali letu juma hili ni hili: mtu aliyefanya mema yote aliyoweza, na bado moyo wake umelemewa na aliyoyaona, anahitaji nini kutoka kwa Mungu? Msamaha? Pongezi? Au kitu kingine?

Chukua mfano ulio mgumu zaidi. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikielekea Mwanza. Sehemu ya chini ya meli ilibaki juu ya maji, na ndani yake watu walikuwa wamekwama. Ikatobolewa ili wafikiwe. Hewa iliyokuwa ikiielesha ikatoka, na meli ikazama. Je, aliyeshika kifaa kile alitenda dhambi? Wengi wetu tutajibu haraka kwamba hapana, na jibu ni sahihi, kwa maana alitumia maarifa aliyokuwa nayo kwa nia ya kuokoa. Lakini jaribu kumwambia hivyo mtu wa namna hiyo saa nane za usiku, uone kama atalala.

Katika madarasa yetu tuna dawa mbili tulizozizoea. Ya kwanza ni kumwombea mwenzetu asamehewe, kana kwamba kila uzito wa moyo una dhambi chini yake. Tukimwambia asiye na kosa kwamba Mungu amemsamehe, tumempa kosa ambalo hakuwa nalo. Ya pili ni kumwita shujaa, kumsimamisha mbele atoe ushuhuda, tukaitikia “Amina” na kuimba. Hii ni tamu zaidi, na nadhani ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu inamfunga mdomo. Shujaa hawezi kusema kwamba harufu ya mafuta ya dizeli inamtetemesha, au kwamba anaogopa kumwogesha mtoto wake mwenyewe.

Soma Hesabu 19:11–22. Ni nani aliyepaswa kutakaswa, na ni nani aliyemtakasa?

Sura hii huwa tunaipita mbio. Mtu aliyegusa maiti alikuwa najisi siku saba. Angalia vizuri: kumzika mzazi lilikuwa jambo jema, na kumwokota aliyeuawa kondeni ilikuwa huruma. Hata hivyo aliyefanya hivyo hakurudi moja kwa moja kwenye maskani kana kwamba hakuna lililotokea. Mungu hakumwita mwenye hatia, hakumdai toba. Alikiri tu kwamba mauti imemgusa, na kwamba mguso huo si kitu kidogo. Akampa muda, siku ya tatu na siku ya saba, na akampa maji yaliyochanganywa na majivu ya ng'ombe mwekundu. Askari waliotoka vitani nao waliamriwa kukaa nje ya kambi siku saba (Hesabu 31:19).

Tena, aliye najisi hakuweza kujinyunyizia mwenyewe. Ilibidi aje mtu aliye safi, ashike hisopo, amnyunyizie. Na huyo msaidizi, kwa kazi hiyo hiyo, alipaswa kufua mavazi yake, na aliyeyagusa maji yale alikuwa najisi hata jioni. Anayemhudumia aliyeguswa na mauti hubaki na kitu mwilini mwake, ingawa kwa muda mfupi zaidi. Wake wa askari wa zimamoto na wauguzi wa vyumba vya dharura hawahitaji kuelezwa hilo.

Mwana-darasa mmoja atasema, na afadhali aseme, kwamba hizi ni sheria za kivuli zilizokoma msalabani. Ni kweli. Waebrania 9:13, 14 yataja majivu hayo hayo na kutupeleka kwenye damu ya Kristo, na hatuhitaji ng'ombe tena. Lakini mwanadamu ni yule yule, na Aliyeitoa sheria ile ni yule yule. Huko Naini, Yesu aliligusa jeneza (Luka 7:14). Kwa kanuni ya Hesabu, mauti ilipaswa kumpitia Yeye. Badala yake uzima ulitoka kwake. Mwokoaji anayemwamini Kristo huyu anaweza kukiri kwamba mauti imemgusa bila kuogopa kwamba imemmiliki.

Hapa imani yetu juu ya hali ya wafu ina kazi ya moja kwa moja. Ziwani na hata mijini, anayeota waliozama ataambiwa kwamba marehemu wanamdai, kwamba kuna mmoja anamwita. Mhubiri 9:5 yamfungua kifungo hicho. Wafu hawajui neno lolote, wanalala. Hakuna anayemlaumu kutoka chini ya maji. Ndoto zake ni kumbukumbu zake mwenyewe, za ubongo uliopigwa na kiwewe, nazo hutibika. Sikia, mpendwa: kumpeleka ndugu kwa mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili si kuikana imani. Eliya alipoomba afe, malaika hakuanza na mahubiri. Alianza na mkate uliookwa na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena.

Je, tumweleze kwa nini yule mmoja alipona na wengine wasipone? Yesu alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao, wala hakueleza kwa nini mnara uliwaangukia wao. Pale aliponyamaza Bwana, na mwalimu wa darasa anyamaze.

Upo upande wa pili ambao hatuusemi sana. Mwokoaji naye hujifanya mwokozi. Anakataa likizo, anakesha na simu, anaamini asipokuwepo yeye watu watakufa. Tumefundisha vema kwamba kuokoa uhai siku ya Sabato ni halali (Marko 3:4), na kijana wetu wa kikosi cha zimamoto na uokoaji anakwenda zamu yake kwa dhamiri safi. Lakini mwite Msamaria wa Luka 10 atoe ushahidi. Alifunga majeraha, akampandisha mtu juu ya mnyama wake, akamtunza usiku mmoja. Asubuhi akamkabidhi mwenye nyumba ya wageni, akalipa, akaenda zake. Upendo wake haukupungua kwa kumkabidhi mtu kwa mwingine. Sabato ni kukabidhi kwa namna hiyo, na aliyeikosa kwa sababu ya zamu anahitaji saa nyingine za kupumzika; mwili hauzisamehe.

Soma Hesabu 9:6–13. Kwa nini watu hawa walimwendea Musa?

Walikuwa wamegusa maiti, na siku ya Pasaka ikawakuta hivyo. Wakauliza kwa nini wazuiwe kumtolea Bwana sadaka pamoja na ndugu zao. Musa hakuwakemea, wala hakubuni jibu. Aliwaambia wasubiri amsikilize Bwana. Na jibu likawa Pasaka ya pili, siku ya 14 ya mwezi wa pili, kwa ajili yao na kwa ajili ya waliokuwa safari ya mbali. Kalenda ya taifa zima ilifunguliwa kwa sababu ya watu wachache waliokuwa wamebeba maiti.

Meza ya Bwana kwetu hufanyika kwa kawaida mara moja kwa robo. Anayeikosa kwa sababu ya zamu husubiri miezi mitatu mingine, na pengine zamu imkute tena. Katika huduma ya kutawadhana miguu hakuna anayejitawadha mwenyewe. Mwingine huinama na kushika maji. Basi mwalimu aulize darasani, kwa upole na bila kutaja watu mbele ya wote: ni nani kati yetu alikuwa kazini siku ile? Kisha mzee wa kanisa na ndugu mmoja wapange jioni, hata ikiwa Jumanne, wabebe beseni, taulo, mkate na divai, wamfuate nyumbani kwake. Wasiende na hotuba. Akitaka kusimulia, wamsikilize mpaka mwisho; asipotaka, wamtawadhe miguu.