Gongeni Shetri Kwanza

Wanangu, boti mliyoileta juzi gatini Kilwa Masoko nimeiona. Ni faiba ya zamani, ya zile walizovulia wageni, na omo yake imechongoka vizuri mpaka mimi mzee nikasimama kuitazama. Nimesikia pia mnachotaka: mashine ya farasi 40 ishuke, ipande ya 75, tena kichwa cha silinda kisagwe ili iwe kali zaidi, muwahi Songo Mnara na watalii kabla ya wenzenu. Kabla hamjatoa hata shilingi, nisikilizeni.

Mimi ufundi nimejifunzia kwenye mashua za tanga. Tanga huvuta mlingoti, mlingoti husimama juu ya mkuku, na mkuku ndio uti wa mgongo wa chombo. Hata mitepe ya zamani, iliyoshonwa kwa kamba za makumbi, nguvu ya tanga ilishukia mkukuni hivyo hivyo, na maungio yakakubali kunyumbuka pamoja na wimbi. Mashine haifanyi hivyo. Inaning'inia kwenye shetri, ule ukuta wa nyuma, na kusukuma chombo kizima kutoka hapo. Mashine ya farasi 15 kijana mmoja huibeba begani kutoka majini. Ya 75 hata wawili wataihangaikia. Uzito huo wote, pamoja na msukumo wake, unakaa kwenye bolti nne.

Sasa shetri ya faiba ya zamani ndani yake ni mbao. Wameweka plaiwudi katikati, wakaifunika kwa faiba pande zote mbili. Kila tundu la skrubu lisilozibwa sawasawa ni mlango wa maji ya chumvi, na plaiwudi huoza humo ndani miaka mingi huku nje rangi inang'aa. Chukueni nyundo ya mti mgonge polepole kutoka juu hadi chini. Pazima patalia kwa ukali. Palipooza patajibu kwa sauti nzito, kama dafu lililojaa. Kisha inueni mashine ikiwa imefungwa, mmoja aikandamize kwa chini, mwingine aangalie kona za shetri. Zikicheza hata kidogo, hapo hakuna mjadala wa farasi 75. Hata hizo 40 ziteremsheni.

Nayasema haya kwa sababu nilishakosea. Nikiwa na umri wenu nilipachika mashine ya 40 kwenye mashua yangu ya futi 25, iliyokuwa ikienda vizuri kwa 15. Nilidhani itaruka. Mashua ya umbo lile, uipe nguvu uipendayo, ikifika kama maili 7 za baharini kwa saa imefika. Inakaa kwenye bonde la wimbi lake yenyewe, na nguvu iliyozidi inazamisha tezi na kuinua omo. Mimi nikazidi kukoleza. Katikati ya mkondo wa Kilwa Kisiwani, maji ya bamvua yakitoka, ubao wa tezi ukapasuka, mashine ikapinda upande, na mdogo wangu aliyeshika mkono wa mashine akarushwa baharini. Kamba ya kuzimia hakuifunga mkononi. Mashua ikazunguka duara ikamrudia yeye mwenyewe. Mguu wake mnaujua. Mnamwona kila jioni barazani na bakora yake, akishona nyavu. Kosa lilikuwa langu, na kila nikisikia mlio wa bakora ile nalikumbuka.

Kusaga kichwa cha silinda acheni kabisa. Mgandamizo ukipanda, joto linapanda, na mashine za kuchanganya oili hazisamehe: ukikosa ile lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, au bomba la maji ya kupoza likaingia mchanga, pistoni inashika. Ikishika maji yakiwa yanatoka, mtasukumwa bahari kuu na abiria wenu.

Kama kasi ndiyo haja, ianzieni kwenye rafadha. Someni namba zilizogongwa kwenye kitovu chake: ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni inchi inazopaswa kusonga mbele kila ikizunguka mara moja. Ikiwa ya pili ni kubwa mno, mashine inahema bila kufika mzunguko wake. Tazameni pia lile bapa lililo juu ya rafadha. Liwe usawa mmoja na upande wa chini wa boti, au juu yake kidogo tu. Likizama sana linakokota maji. Nimeona boti zikipata mwendo mzuri kwa marekebisho hayo mawili tu, bila farasi hata mmoja kuongezwa. Mkishabadilisha chochote kikubwa, waiteni wakaguzi wa vyombo vya majini wa TASAC waione upya, maana boti waliyoikagua mwanzo siyo hii tena.

Ijumaa baada ya sala maji yatakuwa yamepwa. Iacheni boti ikae juu ya mchanga, mashine ikiwa bado imefungwa. Nyundo ya mti nitakuja nayo, na mdogo wangu amesema atakuja pia.