Mtu wa Kila Pahali

Je, mtu asiye na pahali pake mwenyewe katika kazi ni mtu wa chini? Msomaji mpenzi, usijibu upesi. Kwanza tumtazame César Tovar, mzaliwa wa Caracas katika Venezuela, aliyecheza besiboli katika ligi kubwa za Marekani tangu 1965 hata 1976.

Katika mchezo huo timu huwa na watu tisa uwanjani, kila mmoja na kazi yake: huyu hutupa mpira, yule hudaka nyuma ya mpigaji, wengine hulinda vituo au uwanja wa mbali. Kwa desturi mtu hujifunza kazi moja na kuzeeka nayo. Tovar alikuwa kiraka: penye tundu ndipo alipotiwa. Mwaka 1967 aliichezea Minnesota michezo 164, leo kituo cha tatu, kesho cha pili, kesho kutwa uwanja wa mbali.

Mwaka ule waandishi 20 walimchagua mchezaji mwenye thamani kupita wote katika ligi yake. Waandishi 19 walimtaja Carl Yastrzemski wa Boston. Mmoja, mtu wa Minneapolis, alimtaja Tovar. Wengi walimcheka. Nami nakiri alikosea, maana Yastrzemski aliwashinda wote kwa kupiga mpira. Lakini waliocheka nao wana kosa lao, na mimi naliona kubwa zaidi: walidhani kwamba kisichohesabika hakina thamani. Nani ataandika katika daftari tundu lisiloonekana, kwa kuwa mtu aliliziba mapema?

Hata hivyo, tusimsifu kiraka na kujisahau sisi tunaomtumia. Mtu akikubali kila kazi, mkubwa wake huacha kumwuliza anapenda ipi. Baada ya 1972 Tovar alipelekwa Philadelphia, kisha akawa Texas, Oakland na New York, yote katika miaka minne. Ndiyo biashara ya mchezo, sisemi alidhulumiwa. Lakini je, kuna aliyemwuliza?

Tarehe 22 Septemba 1968, Minnesota ikiwa haina tena tumaini la ubingwa, alipewa kazi zote tisa katika mchezo mmoja na Oakland. Mpigaji wa kwanza aliyemtupia mpira alikuwa Bert Campaneris, mtu pekee aliyewahi kufanya hivyo kabla yake, mwaka 1965. Tovar akamtoa hata Reggie Jackson, mpigaji hodari. Zamu ya tisa akasimama uwanja wa kulia, na Minnesota wakashinda 2 kwa 1. Siku ile, walau, watu walikuja kumtazama kiraka mwenyewe.