Motokaa Ndogo na Shehena Yake

Msiidharau motokaa ndogo kwa kuitazama nje tu. Iko ile ya Honda, iitwayo Fit, na katika Ulaya Jazz, iliyotoka Japani mwaka 2001. Mimi nami niliicheka, hata nilipoona baiskeli, imetolewa gurudumu la mbele tu, ikisimamishwa wima ndani yake.

Nafasi hiyo imetoka wapi? Motokaa nyingi huwa na tangi la petroli chini ya kiti cha nyuma. Mafundi hawa walilihamisha chini ya viti vya mbele. Basi kiti cha nyuma kikilazwa, hushuka sana, na sakafu huwa karibu sawa. Na sehemu ya kukalia ikiinuliwa, hata mche mrefu husimama.

Lakini angalieni, nafasi si nguvu. Magodoro huijaza pasipo kuiumiza. Bali mifuko 10 ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, haijazi hata nusu yake, nayo pamoja na dereva imekwisha kupita uzito ulioruhusiwa. Nyuma huinama, na breki huchelewa kushika. Tena aketiye mbele ni kiumbe cha Mungu. Fungeni mzigo kwa kamba kabla ya kuondoka, kwa maana breki ikikanyagwa ghafula motokaa husimama, lakini gunia huendelea na safari yake.