Wazee watatu, mstari mmoja

Bibi alifika dukani saa mbili asubuhi, vumbi limempanda hadi magotini, risiti ameifunga kwenye ncha ya kanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa juu ya mfuko wa salfa kabla sijamvutia kiti. "Mjukuu wangu," akasema, "wenzangu wamepigiwa simu. Mimi mbona sijapigiwa?"

Nikafungua kompyuta, nikaandika jina lake. Halikuwepo. Nikaandika namba ya simu. Haikuwepo. Nikaomba risiti. Ilikuwa na mwandiko wangu mwenyewe: kianzio cha mashine ya kupulizia, shilingi 50,000, mwezi wa Aprili.

Hiyo ilikuwa Ndanda, katikati ya Juni, na mwenye mikorosho hahitaji kuelezwa Juni ni nini. Machipukizi na mashada ya maua yanatoka, na ubwiriunga unatoka nayo. Ukiliona shada limepakaa unga mweupe kama limepitiwa na vumbi la mashine ya kusaga, umeshachelewa kwa shada hilo; maua yatakauka bila kufunga. Salfa hutangulia ugonjwa, na hurudiwa kwa awamu. Mtu asiye na mashine hukodi vijana wenye mashine, nao huanza na shamba lao, la mjomba, la jirani, ndipo wafike kwako.

Mashine tulizokuwa tumeagiza zilikwisha wiki moja kabla ya Bibi kuja. Walioitwa walichukua. Zilizobaki, kwa kuwa orodha ilionyesha hakuna mwingine anayedai, bosi aliziuza kwa waliokuja na fedha mkononi. Mojawapo ilikuwa ya Bibi.

Nimeshasimulia kisa hiki kwa vijana wawili watatu walioajiriwa kazi kama yangu, na kila mara huniuliza kama kompyuta iliingia virusi. Haikuingia kitu. Mimi ndiye niliyemfuta, nikiwa na akili timamu, tena nikijisifu.

Duka lile la pembejeo lilikuwa na majina ya wateja tarajiwa kila pahala. Kulikuwa na daftari la maonyesho ya wakulima ya Nanenane, la viwanja vya Ngongo kule Lindi, ambako tuligawa kofia kwa kila aliyekubali kuandikwa. Kulikuwa na faili nililolishusha kutoka kwenye tangazo letu la Facebook, limejaa watu wa Dar es Salaam na Arusha waliobonyeza kwa bahati mbaya. Mmoja aliuliza bei ya viwanja Mtwara. Kulikuwa na orodha ya wanachama wa chama kimoja cha msingi, niliyorushiwa kwa WhatsApp na rafiki bila mwanachama hata mmoja kuulizwa. Na kulikuwa na kitabu cha risiti, yaani watu waliokwisha kutoa fedha. Bosi alitaka zote ziwe orodha moja, mtu mmoja mstari mmoja, ili ujumbe wa simu usimfikie mtu mara tatu. Alinipa siku mbili.

Kuhusu ile orodha ya WhatsApp niseme mapema, maana ndipo haya yangu yanapoanzia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022 na ilianza kutumika Mei 2023. Kwa lugha ya dukani inasema hivi: taarifa za mtu aliyezitoa kwa jambo moja usizibebe kwenda nazo kwenye jambo lingine bila yeye kujua. Wale walijiandikisha wauze korosho, si wauziwe mashine. Tena tulikusanya namba za vitambulisho vya taifa, yaani za NIDA, hata Nanenane, kwa sababu bosi alikuwa na wazo la kukopesha mashine siku moja. Mkopo haukuja. Namba zilibaki, na ndizo zilizotuponza.

Nilianza na majina, nikakata tamaa kabla ya chai. Hamisi, Hamis na Khamis. Mohamedi na Muhamadi. Abdala na Abdallah. Huku kwetu mtu ana jina la nyumbani, la shule, la ubatizo au la msikitini, na la kadi ya kupigia kura, na yote ni yake. Wanawake wengine waliandikwa Mama Fulani, basi. Simu nazo zilikuwa na vituko vyake: moja imeanza na 255, nyingine na alama ya kujumlisha mbele, nyingine imepoteza sifuri ya mwanzo kwa sababu jedwali likiona tarakimu tupu huona sifuri ya mbele haina kazi. Seli moja ilikuwa na namba mbili na maneno "jioni mpigie mtoto wake."

Nikajiambia, namba ya NIDA haina ubishi. Kila mtu na yake. Kasoro moja tu: wengine waliiandika kwa vistari kati ya mafungu, wengine bila vistari. Nikaagiza Excel itafute kila kistari kwenye safu ile na isiweke kitu mahali pake. Sekunde moja. Safu ikajaa namba zilizofupishwa zenye herufi E katikati, nikabadilisha muundo wa safu kuwa wa namba, zikanyooka. Sikuangalia mwisho wa namba. Nani huangalia mwisho wa namba?

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tano zinazofuata ni za eneo. Kisha fungu la tarakimu tano tena, na mbili za kumalizia. Ikiwa na vistari, Excel huiona kama maneno na huiacha ilivyo. Ukiondoa vistari, huiona kama namba ya kufanyia hesabu, na namba ya hesabu Excel huishika tarakimu 15 za mwanzo tu. Tano zilizobaki huzigeuza sifuri. Haikuulizi wala haikuonyi.

Hesabu mwenyewe. Tarehe ya kuzaliwa, tarakimu nane. Eneo, tano. Jumla 13. Zinabaki mbili za mwanzo wa fungu la tatu, ambazo katika orodha yangu karibu zote zilikuwa sifuri. Kwa hiyo kilichobaki cha kumtofautisha mtu na jirani yake ni siku aliyozaliwa. Na wazee wa uwanda wa Makonde huku siku hiyo hawakuandikiwa walipozaliwa. Mzee anakumbuka tu kwamba alizaliwa wakati wa Mwingereza, au kwamba amempita fulani kwa mavuno mawili. Karani wa kuandikisha anahitaji tarehe, inawekwa tarehe. Kwenye orodha yangu 1 Julai ilijirudia ukurasa baada ya ukurasa. Wazee wa kata moja, mwaka mmoja, 1 Julai: kwa Excel walikuwa mtu mmoja.

Nikabonyeza kitufe cha kuondoa marudio. Mistari 2,146 ikawa 1,508. Nikampigia bosi simu nimweleze jinsi orodha zetu zilivyokuwa chafu.

Wasio na NIDA niliwachuja kwa namba ya simu, na hapo pia nilikata nilipopaswa kuchambua. Nyumba nyingi zina simu moja inayopokea mambo ya watu wanne. Mjane huandikisha ya kijana wake, na kijana kaandikisha hiyohiyo. Katika jozi kama hiyo hubaki mstari wa juu. Ndiyo tabia ya kile kitufe: hakichagui aliye muhimu, kinamwacha aliyetangulia. Nami nilikuwa nimebandika daftari la Nanenane juu kabisa na kitabu cha risiti chini kabisa, kwa kuwa ndivyo mafaili yalivyojipanga kwenye folda.

Basi Bibi alikuwa na wenzake wawili wa kijiji kimoja, mwaka mmoja, 1 Julai. Mmoja alikuwa amelipa kianzio kama yeye. Wa tatu alikuwa babu aliyekwenda Ngongo, akapata kofia, akarudi zake. Huyo wa kofia ndiye aliyebaki. Tulimtumia ujumbe mara mbili aje achukue mashine ambayo hakuiomba.

Nilipoelewa, ilikuwa usiku. Nilikaa na kitabu cha risiti nikikilinganisha na orodha jina kwa jina, kidole kikipita juu ya karatasi. Sikuwa na pa kurudi, maana mafaili ya asili niliyahifadhi juu yake yenyewe. Ya Nanenane nilikuwa nayo kwenye karatasi, na ya risiti pia, kwa bahati tu kwamba bosi ni mtu wa zamani asiyeamini risiti isiyo na nakala ya kaboni.

Uwanda mzima wa Makonde ulishaujua uzito wa orodha kabla yangu. Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei za minada, Serikali ya Rais Magufuli ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kuzisomba. Malipo yakapitia uhakiki: huyu ni mkulima kweli, shamba lake liko wapi, kilo hizi ni zake au za kangomba. Sababu ilikuwepo, kwani walanguzi wa kangomba walikuwa wamenunua korosho za watu mashambani kwa bei ya kutupa. Lakini wengi walisubiri fedha yao miezi. Hadi leo ukitamka "uhakiki" Newala au Tandahimba, utaona mtu mzima anabadilika uso. Na miaka ya karibuni salfa ya ruzuku inayogawiwa na Bodi ya Korosho hufuata daftari la waliosajiliwa. Mtu asiyekuwa kwenye orodha anajua ni nini kisichomfikia.

Ndanda penyewe pana watu waliojua kutunza majina. Mji ulikua kuzunguka abasia ya Wabenediktini waliofika 1906. Nilipotaka kufunga ndoa nilikwenda parokiani kutafuta cheti cha ubatizo, nikaonyeshwa mstari wangu: namba, jina, wazazi, msimamizi. Pembeni kulikuwa na nafasi. Kipaimara kimeandikwa hapo, na ndoa ingeandikwa hapo. Mtu akikosewa jina, marekebisho yanakwenda pembeni na kosa linabaki linasomeka. Katika kitabu kile sikuona mstari uliokatwa. Nilikuwa nimekiona miaka minne kabla ya kazi ya duka, na hakikunifundisha kitu.

Orodha ya pili niliitengeneza kwa wiki tatu badala ya siku mbili. Safari hii nakala ya kila faili, kabla sijaligusa, nikaifungia folda ambayo siigusi. Safu zote za namba nikazitangaza kuwa maandishi kabla ya kuingiza chochote. Nikaongeza safu ya kueleza mtu ametoka wapi: risiti, Nanenane, tangazo. Ile ya WhatsApp nikaifuta. Waliofanana sikuwafuta, niliwapaka rangi ya njano, nikachapa kurasa zao, nikapanda nazo uwandani. Mwenyekiti wa kijiji aliita watu chini ya mwembe, nikasoma kwa sauti. Kila nilipokuta majina mawili yaliyolingana, walicheka: huyu ni mkwe wa yule, huyu alikufa mwaka jana, hawa wawili ni mtu mmoja, alijiandikisha mara mbili apate kofia mbili.

Bosi alimrudishia Bibi fedha yake na kumtafutia vijana wa kupulizia. Walifika Julai ikiwa imekwisha.

Novemba nilikwenda kwenye ghala la chama chao kupeleka nakala ya orodha ya kijiji, nikamkuta kwenye foleni ya mizani. Alikuwa na magunia mawili. Mwaka uliotangulia, aliniambia bila kuniangalia, yalikuwa matano. Zamu yake ilipofika, karani akachukua kitambulisho, akakitupia jicho, akaanza kuandika.

"Isome," Bibi akamwambia.

Karani akataja tarehe, akataja namba za eneo, akataka kuendelea na kilo.

"Zote, mwanangu. Mpaka ya mwisho."