Bustani ya Altare na Riziki ya Nyuki

Katika Mkesha wa Pasaka Kanisa huimba sifa za mshumaa mkubwa, na katika wimbo huo hutaja kazi ya nyuki watoao nta. Ni heshima kubwa kwa mdudu mdogo. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 11, amtolea mfano nyuki ili tusimdharau mtu kwa udogo wa umbo lake.

Basi, yatupasa kujiuliza: sisi tupandao maua ya kupambia altare, je, twamwachia nyuki riziki yake? Tutazame kalendula, ua la manjano au la rangi ya chungwa, lipendalo jua lakini si joto kali. Mbegu zake husiwa tutani, na miche hupunguzwa hata ibaki nafasi ya sentimeta 25 hadi 30. Baada ya miezi miwili hivi huchanua. Ziko namna mbili. Moja ina petali nyingi zilizosongamana, zivutiazo macho ya watu. Nyingine ina petali chache, na kitovu chake ki wazi. Katika hii ya pili nyuki hupata nekta na chavua kwa urahisi. Katika ile ya kwanza mara nyingi hutaabika bure. Fahari iliyofunga mlango haimlishi mwenye njaa.

Liko neno zito zaidi. Anyunyiziaye sumu ya wadudu juu ya maua yaliyochanua aweza kuua nyuki wa jirani yake, aliyeutundika mzinga kwa jasho. Kosa hili halisemwi, kwa kuwa nyuki hufa mbali, na mwenye mzinga hajui amlaumu nani. Lakini Mungu aona. Amri ya Saba haikatazi wizi wa mkono tu. Yakataza pia kumharibia mwenzako mali yake. Tena, kadiri ya Mwanzo 2,15, mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza: kazi mbili, wala si moja.

Kwa hiyo tupande kalendula zilizo wazi. Tukate za altare kwa kiasi, nyingine tuziache bustanini. Vidukari tuviondoe kwa maji au kwa mkono. Na dawa ikilazimu, isiguse maua. Ndipo mshumaa utawaka altareni pasipo kuwashtaki waliopanda maua yaliyo kando yake.

Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, aliyefariki mwaka 397, msimamizi wa wafuga nyuki, atuombee.